Kabla Hujafika Kaunta: Jinsi ya Kulipia Treni na Ununuzi Dubai Mall Bila Kupoteza Pesa Njiani

Mwezi uliopita tulipata ujumbe kutoka kwa mteja wetu wa Nakuru, mama anayeuza mikoba na viatu vya akina mama. Ametukubalia tuuweke hapa, bila jina lake:

"Hamjambo. Naenda Dubai siku nne kuangalia mzigo. Mdogo wangu anafanya kazi ya nyumba huko na hatujaonana miaka mitatu. Siku yake ya kupumzika ni Jumapili tu. Ameniambia tukutane Dubai Mall kwa sababu treni inafika hapo hapo. Nina elfu sitini kwa simu za siku hiyo, pesa ya mzigo ni nyingine. Nitalipaje huko? Sitaki kuaibika mbele yake."

Tulitaka kumjibu kwa mistari miwili. Tukaanza kuandika, tukagundua kwamba mistari miwili haitoshi. Tena, wawili kati yetu hapa ofisini tulifika Dubai Mall mwaka jana na tukaaibika hapo hapo kaunta, sisi ambao kazi yetu ni kufundisha watu kulipa. Kwa hivyo jibu lake limekuwa makala. Kama unaenda Dubai kwa biashara, kumtembelea mtu wako, au unapitia tu ukielekea kwingine, soma hadi mwisho kabla hujafunga begi.

Kwanza, kisa chetu

Tulikuwa tumechagua viatu vya shule vya mtoto wa mwenzetu, bei dirhamu 180. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu. Tukaingiza kadi, mashine ikakataa. Tukajaribu tena, ikakataa. Kadi ilikuwa na pesa ya kutosha, lakini hatukuwa tumeifungulia matumizi ya nje ya nchi. Hapo sawa, tukafungua programu kwenye simu ili tuirekebishe. Programu ikataka nambari ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS. SMS ilikuwa inakuja kwa laini yetu ya Kenya, na laini ile hatukuwa tumeiwashia romingi. Basi tukabaki hapo, simu mkononi, pesa ndani ya simu, na hakuna njia ya kuifikia. Viatu tukaviacha kaunta.

Kosa halikuwa la duka wala la mashine. Lilikuwa letu, na lilitokea Nairobi wiki moja kabla, tulipodhani kwamba mambo ya malipo tutayamaliza tukifika. Hilo ndilo tunalotaka ulibebe kutoka kwa makala haya: kaunta si mahali pa kuanza kufikiria utalipaje. Karibu kila shilingi inayopotea kwenye safari kama hii inapotea kwa uamuzi wa haraka ambao ungeweza kuufanya ukiwa nyumbani.

Till na Paybill zinaishia wapi

Hapa Kenya tumezoea vibaya. Mboga, matatu, karo ya shule, kinyozi, vyote ni simu. Ukiingia dukani unauliza tu, "Till namba ngapi?" Dubai hakuna wa kukujibu swali hilo. Namba za Till na Paybill zinafanya kazi ndani ya mfumo wa malipo wa Kenya. Duka la Dubai halimo, hata kama mwenye duka ni Mkenya mwenzako.

Pesa iliyo kwenye simu yako inaweza kufika Dubai kwa njia tatu za kawaida:

Ya kwanza ni pesa taslimu. Unatoa kwa wakala au benki hapa nyumbani, unanunua dola, kisha unabadilisha kuwa dirhamu ukifika.

Ya pili ni kadi halisi ya plastiki. Unahamisha pesa kutoka kwenye simu kwenda akaunti yenye kadi, kisha unalipa kwa kadi.

Ya tatu ni kadi pepe, ile ya namba tu inayotolewa ndani ya programu ya simu. Hii inafaa kwa malipo ya mtandaoni, kwa mfano kukata tikiti mapema. Usiitegemee kaunta ya duka. Mhudumu anahitaji kitu cha kuingiza au kugusisha kwenye mashine, na namba zilizoandikwa kwenye kioo cha simu hazimsaidii.

Ushauri wetu kwa mama wa Nakuru ulikuwa achanganye mbili za kwanza. Pesa taslimu ya siku mkobani, kadi kwa vitu vikubwa, na zote mbili zisikae mahali pamoja.

Wiki moja kabla ya safari

Fanya mambo haya manne ukiwa bado na mtandao wako na lugha yako:

1. Fungua kadi kwa matumizi ya nje. Benki nyingi huzuia kadi isitumike nje ya nchi hadi mwenyewe uombe. Piga simu au tumia programu, taja nchi na tarehe za safari. Hapo hapo uliza wanakata kiasi gani kwa kila malipo ya nje. Andika jibu.

2. Washa romingi kwenye laini yako, yaani uwezo wa kutumia laini ya Kenya ukiwa nje. Hata kama utanunua laini ya Dubai, laini ya Kenya ndiyo inayopokea nambari za uthibitisho. Kama simu yako ina nafasi mbili za laini, umepona. Zima data ya laini ya Kenya ili isile salio lako, lakini SMS ziendelee kuingia.

3. Hakikisha unakumbuka PIN ya kadi. Inaonekana kama jambo dogo. Watu wengi hapa nyumbani hulipa kwa simu mwaka mzima na PIN ya kadi wameisahau. Nenda kwenye ATM ya karibu, angalia salio, ujue inakubali.

4. Hamisha pesa mapema. Usisubiri uwe uwanja wa ndege ukitafuta wakala. Na kama unabeba pesa taslimu ya mzigo, kumbuka kuwa dola 10,000 au zaidi lazima utangaze kwa maafisa unapotoka Kenya.

Jambo la tano halihusu malipo lakini litakuokoa: simu za sauti na video za WhatsApp kwa kawaida haziingii ukiwa Falme za Kiarabu. Ujumbe wa maandishi na wa sauti unafika, lakini ukipiga haishiki. Usije ukasimama stesheni ukimpigia mdogo wako mara kumi ukidhani amekukwepa. Pangeni saa na mahali kabla hujapanda ndege.

Kubadilisha pesa: kariri 3.67

Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwa dola ya Marekani tangu 1997, kwa kiwango cha dirhamu 3.6725 kwa dola moja. Haipandi wala haishuki dhidi ya dola kama shilingi yetu. Hii ni habari njema sana kwako, kwa sababu una kipimo cha kumpimia kila mbadilishaji.

Dola 100 kwa kiwango hicho ni dirhamu 367.25. Hakuna atakayekupa zote, maana naye anatafuta riziki. Lakini duka likikupa 365 uko sawa, na likikupa 350 umeacha dirhamu 17.25 mezani. Tunapoandika, dirhamu moja ni kama shilingi 35, kwa hivyo hapo umepoteza bob 600 kwa kila dola mia. Kwa mfanyabiashara mwenye dola elfu mbili, hiyo ni KSh 12,000, pesa ya mikoba kadhaa.

Kwa kawaida kaunta za uwanja wa ndege zina viwango vibaya kuliko maduka ya kubadilisha pesa mjini. Badilisha pale kiasi kidogo cha kukufikisha unapolala, kisha zilizobaki uzibadilishe mtaani, kwenye duka lenye leseni na linalotoa risiti. Kubeba shilingi kwenda kuzibadilisha huko hatukushauri. Shilingi yetu haitafutwi sana, na utapewa bei ya mtu asiye na njia nyingine.

Kupanda treni

Treni za Dubai Metro zilianza 9 Septemba 2009. Hazina dereva, zinaenda juu ya daraja sehemu kubwa ya mji, na stesheni unayoitaka inaitwa Burj Khalifa/Dubai Mall, kwenye Laini Nyekundu. Uwanja wa ndege, Terminal 1 na Terminal 3, uko kwenye laini hiyo hiyo. Wakenya wengi wa biashara hulala Deira. Kama uko karibu na Al Rigga au Union, unapanda Laini Nyekundu moja kwa moja bila kubadilisha.

Kwa mama wa Nakuru jambo la maana zaidi lilikuwa hili: siku nyingi treni zinaanza saa kumi na moja asubuhi, lakini Jumapili zinaanza saa mbili. Mall yenyewe hufungua maduka saa nne. Wakipanga kukutana saa moja asubuhi ili "wapate siku nzima", mmoja wao atasimama nje ya geti lililofungwa. Na kwa kuwa mdogo wake lazima arudi kazini jioni kwa saa aliyopewa, kila saa ina bei yake.

Nauli hulipwa kwa kadi inayoitwa nol. Zipo za aina kadhaa, na hapa ndipo wageni hupoteza pesa kidogo kidogo:

Tikiti nyekundu ni ya karatasi. Unalipa dirhamu 2 za tikiti yenyewe, kisha nauli ambayo ni ya juu kidogo kila safari.

Kadi ya fedha, silver, inauzwa dirhamu 25, na ndani yake tayari kuna salio la dirhamu 19 la kusafiria. Inadumu miaka mitano. Nauli yake ni dirhamu 3 ndani ya zoni moja, 5 kwa zoni mbili zinazopakana, na 7.50 ukivuka zaidi ya zoni mbili.

Kadi ya dhahabu, gold, nauli yake ni mara mbili ya silver. Unapata behewa la viti vizuri zaidi, lakini unafika saa ile ile.

Kama utakaa siku mbili au zaidi, chukua silver. Kutoka Deira hadi Dubai Mall ni zoni mbili, yaani dirhamu 5, karibu bob 175. Kwenda na kurudi 350. Tukilinganisha na teksi, hakuna mjadala.

Kanuni ni kama za kuku: anaingia anaonekana, anatoka anaonekana. Gusisha kadi ukiingia, gusisha ukitoka. Ukisahau kutoka, mfumo haujui umeshukia wapi na unaweza kukukata zaidi. Kila mtu awe na kadi yake. Huwezi kumgusishia mwenzako kwa kadi moja, vile tunavyolipiana matatu. Na kabla ya kuondoka angalia kama salio linatosha kwenda na kurudi, kwa sababu jioni foleni ya mashine za kuongeza salio huwa ndefu.

Mambo mengine matatu ya treni. Kuna sehemu ya wanawake na watoto, imewekewa alama ya waridi. Ukiwa mwanamume na ukaingia pale, au ukaingia behewa la gold na kadi ya silver, faini ni dirhamu 100. Kula na kunywa ndani ya treni nako ni faini ya 100, hata kama ni chingamu. Hizo ni KSh 3,500 kwa chingamu moja. La tatu, mizigo: kila abiria anaruhusiwa mabegi mawili, moja kubwa la kawaida la safari na moja dogo. Mzigo wa jumla wa soko hauingii. Nunua mzigo siku nyingine, Jumapili nenda mikono mitupu.

Daraja, kisha mahali pa kukutana

Ukishuka usidhani umefika. Kati ya stesheni na mall kuna daraja la watu lililofunikwa na lenye hewa ya baridi, urefu wa karibu mita 820. Lina mikanda inayokubeba ukiwa umesimama, lakini bado hesabu dakika kumi hadi kumi na tano, na zaidi jioni watu wakijaa. Kama una mzazi au mtu mwenye shida ya miguu, mwambie mapema.

Stesheni hii ni kati ya zenye shughuli nyingi zaidi Dubai. Mwaka 2024 abiria zaidi ya milioni 10 waliitumia. Mall yenyewe ina maduka zaidi ya 1,200, na mwaka huo huo ilipokea wageni milioni 111. Kwa hivyo "tukutane Dubai Mall" ni sawa na kusema "tukutane Nairobi". Chagueni mahali pamoja panapoonekana. Sisi tunapendekeza mbele ya kioo kikubwa cha akwariamu. Kuingia ndani ya akwariamu ni kwa tikiti, lakini kusimama nje ya kioo na kutazama papa na samaki wakipita ni bure. Mkipotezana, kila mmoja arudi pale.

Na jioni, nje ya mall, chini ya Burj Khalifa yenye mita 828, kuna maonyesho ya chemchemi za maji zinazocheza kwa muziki. Kutazama kutoka ukingoni nako ni bure. Tunasema hivi kwa sababu wengi wanaofika pale hudhani bila pesa nyingi hawana la kufanya. Unaweza kukaa na mtu wako saa sita nzima na mkalipia chakula peke yake.

Kwenye kaunta: shilingi au dirhamu?

Sasa umechagua mkoba wa dirhamu 400. Unaingiza kadi. Mashine inaonyesha maneno kwenye kioo, au mhudumu anakuuliza kwa upole: ungependa kulipa kwa shilingi za Kenya au kwa dirhamu?

Moyo utakuambia shilingi. Unaijua, unaielewa, unaona kabisa utakatwa ngapi. Usichague shilingi. Chagua dirhamu.

Sababu ni hii. Ukichagua shilingi, kazi ya kubadilisha pesa inafanywa na wenye mashine, kwa kiwango wanachokitaka wao, na faida yao imo ndani. Ukichagua dirhamu, inabadilishwa na mtandao wa kadi na benki yako, na mara nyingi kiwango hicho ni nafuu zaidi. Tuchukue mfano. Kwa shilingi 35, mkoba wa dirhamu 400 ni KSh 14,000. Mashine ikitumia shilingi 37, mkoba ule ule ni KSh 14,800. Umelipa 800 kwa ajili ya kuona neno "shilingi" kwenye kioo. Benki yako nayo inaweza kukata ada yake ya malipo ya nje, ndiyo maana tulikuambia uulize kabla.

Sheria hiyo hiyo inafanya kazi kwenye ATM. Ikikuuliza, chagua sarafu ya nchi uliyomo. Kama mhudumu amekuchagulia shilingi bila kukuuliza, una haki ya kumwambia afute arudie. Mwambie kabla hujaweka PIN. Soma kioo kwanza, kisha weka PIN. Foleni itasubiri.

Kodi inayorudi

Wateja wengi hawaijui hii. Tangu 1 Januari 2018 Falme za Kiarabu hutoza VAT ya asilimia 5, na bei unayoiona dukani tayari imeibeba. Kwenye mkoba wa dirhamu 400, kodi ni kama dirhamu 19. Mtalii anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya kodi hiyo, lakini kwa masharti:

Ununue angalau dirhamu 250 kwenye duka lililo kwenye mpango huo.

Uonyeshe pasipoti yako wakati wa kulipa, si baadaye. Mwambie mhudumu mapema kwamba unataka kurudishiwa kodi.

Uwe mtalii kweli. Mdogo wako anayeishi na kufanya kazi huko hawezi kudai. Kwa hivyo kama mnanunua kitu kikubwa cha kurudi nacho Kenya, ulipe wewe, kwa pasipoti yako.

Uwanja wa ndege, pitia kwenye mashine za kurudisha kodi kabla ya kukabidhi begi, maana wanaweza kutaka kuona bidhaa zenyewe. Una siku 90 tangu kununua kuzitoa nchini.

Kuna makato ya huduma, kwa hivyo hutapata dirhamu zote 19. Kwa mkoba mmoja unaweza kuona haina haja. Kwa simu au kompyuta ya mtoto wa chuo, inalipa nauli zako zote za treni na chakula juu.

"Nitumie kwa simu, nikupe dirhamu"

Hili tunaliandika kwa makini. Ukiwa nje utakutana na mtu, pengine Mkenya mwenzako mchangamfu, atakayekuambia: usihangaike na maduka ya kubadilisha pesa. Nitumie shilingi kwa namba hii ya Kenya, nitakupa dirhamu mkononi, bei nzuri kuliko yao.

Tunaelewa inavyovutia. Mna lugha moja, hakuna foleni, na pesa ya simu inageuka noti. Lakini fikiria inavyofanyika. Unatuma kwanza. Pesa inaingia kwa namba iliyosajiliwa kwa jina usilolijua. Akikwambia subiri niende kwa gari nilete, umebaki na ujumbe wa uthibitisho na hewa. Ukitupigia turudishe, mpokeaji akiwa ameshatoa, hatuna cha kurudisha. Pia kubadilisha pesa kama biashara bila leseni ni kosa huko, na hujui pesa anayokupa imetoka wapi. Wewe ni mgeni wa siku nne. Mdogo wako ana kazi na kibali cha kulinda. Usimwingize kwenye jambo hilo, na asikuingize.

Mwongeze na huyu: anayetuma SMS kwamba pesa imekuja kwako kimakosa, wakati anajua uko safarini na umechoka. Usirudishe chochote kabla ya kuangalia salio lako mwenyewe. Na PIN yako ni yako, Nakuru au Dubai. Sisi hatutakuuliza hata siku moja.

Elfu sitini zikigawanywa

Mwisho tulikaa chini na mama wa Nakuru kwa simu tukapanga. KSh 60,000 kwa shilingi 35 ni kama dirhamu 1,700, kabla ya makato. Tuligawanya hivi:

Kadi ya nol silver: dirhamu 25. Mdogo wake tayari anayo ya kwake.

Chakula na vinywaji vya watu wawili siku nzima: tuliweka 200 taslimu, asiwe anahesabu kila chai.

Zawadi moja ya mdogo wake: hadi 400, kwa kadi, kwa dirhamu.

Dharura: 300 taslimu, mahali pengine mbali na mkoba. Zikibaki, arudi nazo.

Zilizobaki, karibu 775, zikae kwenye akaunti ya kadi hadi ahitaji. Pesa ambayo haijabadilishwa haijapoteza kitu.

Alicheka akasema tumempangia kama harusi. Lakini aliuliza swali moja zuri ambalo hatukulifikiria: je, mdogo wake naye akitaka kumlipia? Tukamwambia amwachie. Miaka mitatu amekuwa akituma nyumbani. Pengine chakula hicho ndicho kitu cha kwanza atakachonunua mbele ya macho ya dada yake.

Anasafiri wiki ijayo. Kadi ameifungulia matumizi ya nje, romingi amejaribu, PIN ameikumbuka. Jumapili saa nne asubuhi watakutana mbele ya kioo cha samaki.

Na wewe kama una safari, anza na mambo manne ya wiki moja kabla. Ukikwama popote, tupigie au utuandikie ukiwa bado nyumbani.